Mawese kwenye Sinki

Sinki la jikoni liliziba alasiri ya Ramadhani, siku ambayo binti yetu aliyetujengea jiko hilo angefuturu nasi hapa Kasulu. Sikutaka akute zawadi yake imejaa maji machafu. Nikapiga bismillahi na kuchokonoa kwa waya. Maji hayakushuka. Nikasoma tena.

Mke wangu akacheka. "Hayo ni mawese, mzee, si shetani. Hayasomewi, yanamwagiwa maji ya moto."

Kwa baridi ya huku mawese huganda kama nta. Na aliyeyamwaga ni mimi. Wiki iliyotangulia, mke wangu alipougua, niliosha vyombo mwenyewe, mabaki ya mchuzi wa maharage yaliyoungwa kwa mawese nikayamimina humo, kama tulivyozoea zamani kumwaga migombani.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Umenioshea vyombo wiki nzima, nikusamehe nini?" akasema, akiinjika birika.

Birika la tatu lilizibua. Maji yakashuka kwa mngurumo, tukasema alhamdulillahi pamoja.

Binti alipofika alinawa hapohapo, wala hakujua. Baada ya kufuturu nikaifuta sufuria kwa jani la mgomba kabla ya kuiosha, na mpaka leo hufanya hivyo.