Waya Yenye Moto

Juzi niliona gari la zamani la milango miwili likipita Matinyani, taa mbili za manjano zimefungwa mbele ya bampa. Nikasimama kulitazama.

Baba alikuwa na gari kama hilo, la mashindano. Alasiri moja, nikiwa mtoto, alimwita fundi Mutua abadilishe waya za hizo taa za ziada, zipitie kwa rilei, kile kiboksi kinachobeba umeme mwingi, zisiunguze swichi. Mimi niliwekwa kwa kiti cha dereva nibonyeze swichi nikiambiwa. Kulinuka petroli na plastiki iliyoyeyuka.

"Chunga hiyo nyekundu, iko na moto," fundi alisema.

Mafundi huita umeme moto. Mimi niliamini kuna moto wa kweli ndani ya ile waya, unangoja tu kidole changu, na kichwa cha Baba kilikuwa chini ya boneti, juu yake.

Kisha Baba akavua pete ya ndoa, akaniletea dirishani. "Nishikie, Mwaitu." Aliniita hivyo, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu nina jina la mama yake. Leo najua pete huvuliwa isiguse waya ikaleta shoti. Siku hiyo nilijua anamwachia Mama kwa sababu atakufa.

"Washa!"

Sikuwasha.

"Kwani huyu amelala?" fundi akacheka.

"Baba, utaungua."

Baba hakucheka. "Siungui. Washa."

Nikafunga macho, nikabonyeza. Rilei ikalia ta! Halafu kimya. Niliifinya pete mpaka kiganja kikauma, macho bado nimefunga, hadi nikasikia Baba akimwambia fundi, "Taa ya kushoto inaangalia juu. Ishushe kidogo."