Sufuria Iliyokataliwa Shereheni

Juzi binti yangu alifungua kabati langu hapa Mbeya, akatoa sufuria iliyofubaa ndani. "Mama, hii tupa tu, watu watatucheka." Nilimwambia airudishe haraka. Watu wakitaka kucheka na wacheke, mimi nimezoea tangu Rujewa.

Kule nililelewa na bibi. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kichanja cha miti, na kila asubuhi sufuria zilipangwa juu yake kifudifudi, zinang'aa mpaka unafumba macho. Kazi ya kusugua ilikuwa yangu. Bibi hakuchoka kuniambia: majivu ni ya nje, ndani ni ukwaju. Mimi na ujuaji wangu, siku moja kabla ya sherehe ya kipaimara, nikaijaza sufuria yake kubwa maji ya majivu, nikaiacha ilale hivyo ili ipendeze kuliko zote. Asubuhi ilikuwa nyeusi ndani kama imepakwa lami.

Nililia sana. Bibi hakunipiga. Alijitwika sufuria ile hivyo hivyo akaenda nayo, kwa sababu pale kwetu mwanamke ambaye sufuria yake haikupika shereheni alionekana hakushiriki. Kiongozi wa kina mama akachungulia, akakunja uso.

"Bibi, humu hatupikii watu. Iweke pembeni tu, itafaa kunawia."

"Nimeichafua mwenyewe," bibi akasema, wala hakunitazama. "Na itapika."

Akawasha moto wake pembeni, akaomba ukwaju kwa waliokuwa wanatengeneza juisi, akauchemsha humo mpaka harufu ikatujaza mate mdomoni. Kisha akasugua taratibu kwa gunzi la mahindi, akasuuza, akaiinua wote waone. Weusi ulikuwa umekwisha. Akabandika maji ya wali, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Wali ule niliula kichwa kimenivimba.

Bibi hayupo tena. Siku hizi sherehe zinapikiwa na watu wa kukodi. Masufuria yanashushwa kwenye gari, hayana mwenyewe, jioni yanapakiwa yanaondoka. Hakuna anayechungulia ndani, hakuna anayekataa. Wanasema ni maendeleo. Mimi nasema tumenyang'anywa kitu, na inaniuma. Mwaliko ukija nitajitwika hiyo yangu ya kabatini niende nayo, na asiyeitaka aje anikatalie usoni.