Muhogo wa Bibi na Zamu ya Maji

Sisi tuliokulia chini ya milima ya Baushar, huku Uarabuni, kabla lami haijafika tuna ugonjwa mmoja: tukisikia maji yanapita, tunauliza ni ya nani. Watoto wetu hawaulizi. Kwao maji ni kitu kinachotoka ukutani, kama umeme na intaneti.

Tulipokuwa wadogo maji yalikuja kwa falaji, mfereji uliochimbwa na watu ambao hata majina yao yamesahaulika, ukichomoza chini ya mlima na kukipitia kijiji kizima. Ulikuwa na adabu zake. Juu kabisa watu waliteka maji ya kunywa, na ole wako utie mguu hapo. Chini kidogo walioga wanaume, chini yao wanawake ndani ya kijumba cha udongo, kisha ndipo maji yakaingia mashambani, kwenye mitende, milimau na majani ya mbuzi. Watoto tulishindanisha makarara ya mtende kama mashua, tukikimbia peku kandokando huku mchanga unatuunguza nyayo. Aliyeshindwa alimbeba mshindi mgongoni mpaka nyumbani, na nyumbani kulinukia mkate wa rakhali unaobanduliwa kwenye chuma cha moto, mwembamba kama karatasi, ukipakwa samli. Vijana wa leo huununua mkate huohuo barabarani, umetiwa jibini na chipsi, wakaula garini bila kuzima injini, na wanasema wanadumisha asili.

Serikali ilikuwepo, nasikia. Ilikuwa mjini. Kijijini kwetu palikuwa na fimbo tu, imesimikwa kwenye kiwanja kitupu. Kivuli chake kikifika alama hii, maji ni ya fulani. Kikifika ile, ni ya mwengine. Msimamizi wa zamu aliitwa arifu. Huyu wetu alikuwa mfupi, mgomvi, na sauti yake ilikuwa kama ya bata aliyekanyagwa. Hakuwa na ofisi, muhuri wala dereva. Watu walimtii kwa sababu walimchagua wenyewe, na wangeweza kumwondoa baina ya alasiri na magharibi, kahawa ikiwa bado moto. Skuli niliiaga mapema, lakini tangu hapo nimezunguka kwa malori, mashua na miguu, nimesimama foleni za serikali nyingi, na kila gazeti lililofungiwa samaki nimelisoma kabla sijala samaki. Bado sijaona utawala ulionipendeza kama wa ile fimbo.

Ila haukuwa mwepesi, hasa kwa sisi. Tulikuwa wageni wa nyumbani. Babu wa baba yangu alipohamia Unguja aliuza zamu yake ya maji. Tuliporudi kutoka huko tulikuta ukuta wetu umesimama, mitende michache inatusubiri, na tone la maji hatuna. Kila msimu baba alinunua zamu kwenye mnada baada ya sala ya Ijumaa, na mnada ule ulikuwa wa wale ambao kijiji kimekubali kuwauzia.

Bibi, mama yake baba, alikuja na vijiti vya muhogo kavifunga ndani ya khanga mbichi. Alivipanda kabla hajafungua mizigo. "Shamba moja nimeliacha nyuma," alisema. "La pili siliachi." Baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kurudi kwetu kila Alkhamisi, alikuwa ameshaanza kutaja chumba cha kupanga mjini Sib. Bibi alijifanya hasikii.

Ukaja mwezi wa joto ambao hata mbuzi walikuwa hawalii. Majani ya muhogo yakalala. Zamu yetu ilikuwa bado, na mfereji ulipita mlangoni petu ukiwa umejaa. Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, Bibi alijitanda, akatoka, akaliondoa jiwe na matambara yaliyoziba mdomo wa shamba letu.

Mama alitoka mbio jikoni. "Mama! Maji yana mwenyewe hayo!"

"Mwenyewe yuko wapi?" akasema Bibi, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. "Yanakwenda zao bure, na muhogo wangu unakufa."

Msimlaumu. Kwao Pemba mvua humnyeshea kila mtu na mto hauna mwenyewe. Maji yanayotembea peke yake na huku ni mali ya mtu aliye msikitini, hilo halikuingia kichwani mwake.

Mwenyewe alikuwa Bwana Nasir, mzee mwenye milimau upande wa chini. Alirudi kutoka sala akakuta mfereji wake una tope tu. Akaufuata kwenda juu, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwetu. Akamtazama Bibi, akalitazama shamba linalong'aa maji, akaenda moja kwa moja kwa arifu. Bora angetukana.

Alasiri kijiji kilikusanyika kwenye chumba cha baraza. Bibi alikataa kumsubiri baba, ambaye wiki ile kazi ilimzuia bandarini. Alisimama nje ya dirisha, mimi nimeshika ncha ya buibui lake. Arifu alikuwa akipiga kelele kwa Kiarabu: watu wasiojua zamu wasiuziwe maji msimu mzima. Msimu mzima maana yake ilikuwa shamba kufa na sisi kwenda Sib. Mkono wa Bibi juu ya kichwa changu ulikuwa mzito.

"Waambie," aliniambia kwa Kiswahili, sauti ikapita dirishani, "nimekosa, kwa kutojua. Lakini muhogo haukukosa."

Kulikuwa na desturi: aliyedhulumiwa maji ndiye anayesema alipwe nini. Wakamgeukia Bwana Nasir. Alikaa akizungusha kikombe cha kahawa. Kisha akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Bibi, huo muhogo ukikomaa mtautia nazi, au mtauchoma?"

Kumbe ujana wake alifungua duka Wete, hukohuko Pemba, na tangu arudi alikuwa hajauona muhogo kwa macho.

Bibi hakukawia. "Wa nazi. Na pilipili mbuzi, ukija na heshima yako."

"Basi nusu ya zamu yangu ipite kwake mpaka ukomae," akamwambia arifu. "Nitalipwa sahani."

Arifu alisema huo ni wendawazimu, akatazama huku na huku apate wa kumuunga mkono, hakumpata, akapiga mayowe kuwa basi ndiyo hukumu yake. Hatukwenda Sib. Ile nusu ya zamu haikuandikwa popote, na Bwana Nasir alikuja kula muhogo kila ulipovunwa, mpaka alipomfuata Bibi makaburini.

Bibi akiwa bado hai, serikali ikatukumbuka. Sisemi ni mbaya. Ndiyo iliyomtoa Bibi mtoto wa jicho bila ya kumuuliza ana nini mfukoni. Lakini serikali ni kama mgeni anayekuja na zawadi, halafu anauliza chumba chake ni kipi. Walichimba kisima chenye pampu, wakaleta mabomba. Hakuna tena aliyeshuka na jembe kusafisha mfereji, na maji ya mfereji yakashuka yasirudi. Baadaye wakaja kuutia saruji na kuweka kibao kizuri kinachosema huu ni urithi. Arifu hana cha kugombea, na sauti kama ile ni hasara ipotee.

Juzi nilikuwa Ansab kwa mtoto wa ndugu yangu. Maji yalikuwa yanabubujika kutoka nyumba ya jirani mpaka njiani. Kijana akatoa simu, akapiga picha, akaituma idara ya maji.

"Ungebisha hodi," nikamwambia.

"Ami, simjui jina lake! Atasema namchunguza. Tumia mfumo."

"Mmekaa hapa muda gani?"

Akacheka, akarudisha simu mfukoni. Gari la idara lilifika, na kweli lilifika upesi, likafunga bomba, likaondoka. Jirani hatukumwona.

Mimi sasa nimepanga chumba Khuwair ya Kusini. Maji hayakatiki mchana wala usiku, na bili inakuja kwenye simu. Hakuna anayeniibia, hakuna anayenigawia, na tangu nihamie maji hayajaniletea mtu mlangoni.