Pengo Kwenye Ua wa Michongoma

Jua bado pole. Mzee Mkasi kapiga magoti mbele ya ua wa michongoma, anaongea nao. "Tulia basi! Unanyoosha mikono kama mtoto wa darasa la kwanza," anasema, na mkasi wake mrefu unalia kacha, kacha.

Jina lake jingine lipo, ila hata mkewe kalisahau, au anajifanya. Nyumba zote za huku juu, hizi za vigae vyekundu na baraza pana walizojenga Waingereza, zinamjua kwa mkasi. Malipo ya ua mmoja, anasema, "yanafika jikoni, sebuleni hayafiki."

Na anakata kweli. Juu panakuwa sawa kama meza. Lakini ukifika nyuma ya nyumba ya Mama Pacha, unakuta pengo. Jembamba, la mtu mmoja, tena apite ubavu. Wapangaji wengi wamelalamika, wakidhani fundi alisinzia. Hakusinzia. Lile pengo ni njia.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko mkasi. Zamani mlima huu ulikuwa wa watu wa kwao Mzee Mkasi. Walikuwa na nyumba zao, mashamba yao, na kule chini chemchemi. Akaja Mwingereza na vigingi na kamba, akapima, akasema huku kuna hewa nzuri. Hewa ni nzuri kweli, hakudanganya. Wenyewe wakahamishiwa ng'ambo ya bonde, kwenye mawe, na kupita hapa ikawa kwa kibali.

Baba yake Mzee Mkasi akapewa kazi ya kupanda ua. Yaani apande miiba juu ya njia ya mama yake mwenyewe ya kwendea maji. Dunia hii!

"Baba alipanda," anasema. "Angekataa, tungekula nini? Ila ilipopita njia, akaruka mche mmoja."

Msimamizi wa Waingereza akaliona pengo. Akaambiwa mche umekufa, akaleta mwingine. Nao ukafa. Kila mwaka mche unaletwa, unakufa, mpaka akaamini udongo wa pale una ugonjwa.

"Ugonjwa wenyewe alikuwa mama yangu," Mzee Mkasi anacheka mpaka anakohoa. "Akipita kwenda kibaruani anaumwagia maji ya chumvi. Huku anamsalimia msimamizi, shikamoo bwana!"

Bendera ikashuka, nyingine ikapanda. Wenye nyumba wakabadilika, ua haukubadilika, na watu wa ng'ambo ya bonde wakabaki ng'ambo ya bonde. Baba alipofariki, mwana akarithi mkasi, na pengo pamoja nao.

Siku hizi anayepita hapo ni mmoja tu, dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi. Macho yake yameingia ukungu, hatofautishi mbuzi na ndoo. Nyumbani kwake kushikwa mkono ni lazima. Lakini kila asubuhi anatoka peke yake, bila fimbo, anavuka pengo, anakata kona ya uwanja wa Mama Pacha, anashuka chemchemini. Ananawa uso, anajaza jagi, anarudi. Pale ndipo alipozaliwa. Njia hiyo anaiona kwa nyayo.

Sasa mwezi uliopita Mama Pacha kaibiwa mtungi wa gesi. Kakasirika, na nani asingekasirika? Akaita mafundi wang'oe ua, wajenge ukuta wa mawe mwanzo mpaka mwisho. Mzee Mkasi akasikia, akakosa usingizi. Kazi angepata kwingine. Lakini dada yake angepita wapi?

Siku ya kuchimba msingi, ua ukiwa bado haujang'olewa, Shangazi akaja kama kawaida. Akavuka pengo, mguu ukakuta hewa. Hakuanguka. Akakaa chini, miguu ikining'inia mtaroni kama mtu anayesubiri chai.

"Nani kachimba njia?" akauliza.

Mama Pacha akatoka mbio. "Jamani Shangazi, umeumia?"

"Sijaumia. Nimeuliza swali."

"Naweka ukuta, mama yangu. Wezi wamenizidi. Mtungi wangu umepita hapohapo penye pengo."

"Hapa? Mwanangu, mimi mwenyewe hapa nachubuka makalio kila siku. Na mimi unaniona, nimebaki mifupa!"

Mafundi wakaacha majembe. Shangazi akamwita mdogo wake. "Wewe, chukua mtungi wa jirani, upite."

"Dada, mimi?"

"Nani mwingine mwenye mwili wa kuiba?"

Basi Mzee Mkasi akakumbatia mtungi, akaingia ubavu. Akafika katikati. Akabaki hapohapo, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki, miiba imemshika shati na mtungi umemkaba tumbo. Ikabidi akatwe kwa mkasi wake mwenyewe.

"Taratibu!" akapiga kelele. "Huko mnakokata siyo ua!"

Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta ambao bado haupo, nusura aanguke mtaroni. Akaketi karibu na Shangazi. Hapo ndipo akasimuliwa habari ya mche uliokufa kila mwaka.

"Miaka sita naishi hapa," akasema, "nikijua huyu mama anapita tu."

Ukuta unajengwa, maana wezi wapo. Ila ua unabaki kwa nje, na mwashi kaacha uwazi palepale. Kipimo alichukua kwa kamba, kiunoni mwa Shangazi, naye akamwonya asivute sana, yeye si mbuzi wa mnadani.

Je, Mzee Mkasi sasa analala? Kidogo. Kuna nyumba moja chini zaidi kwenye njia hiyohiyo, ya jaji mstaafu, naye anazungumzia ukuta. Mama Pacha kaahidi kwenda kuongea naye. Na kuna lingine linalomkaa moyoni: dada ni mzee.

"Njia isipopitwa inakufa, hata ukiiachia mlango," anasema, akifuta mkasi kwa kanga kuukuu. "Natamani apatikane mtu wa kuijua, tena hata akiwa wa nyumba hizi, mimi sina neno."

Mtu kapatikana. Jumapili Mama Pacha alijitokeza, kavaa raba mpya. Shangazi akamwambia azivue, aziache hapo. Akazivua. Wakasimama penye pengo, mwenye macho nyuma, mwenye ukungu mbele, na yule wa nyuma anachungulia mteremko kwa wasiwasi.

"Shika nguo yangu, tembea," Shangazi akamwambia. "Mbele nitaangalia mimi."