Mji Alioutoa Baba

Baba yangu, Kalume, ni fundi baiskeli wa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, na kwa mdomo wake mwenyewe ndiye bingwa wa vitendawili wa mkoa mzima wa Maniema. Hakuna aliyempa cheo hicho. Alijipa, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kumnyang'anya, anacho mpaka leo pamoja na spana zake.

Mama yangu, Rehema, ni mtu wa Kasongo, na kwao kitendawili kina adabu zake. Ukishindwa kukitegua, unampa mtegaji mji. Unamtajia mji wowote, anauchukua, anajisifu jinsi alivyofika huko akapokelewa, kisha ndipo anakupa jibu. Watu wenye heshima hutoa miji mikubwa. Baba akishindwa hununa, na mwenye kununa hatoi Kinshasa wala Kisangani. Mama alikuwa akipewa vijiji tu.

Mwaka wa 2002 vita viliifunga Kindu, chakula kikaisha, wazazi wangu wakaamua kuvuka mto kwenda ng'ambo, Alunguli, na kutafuta pa kujificha. Mama alikuwa amembeba mgongoni kaka yangu Dieumerci, bado ananyonya. Pale kivukoni askari wakaruhusu wanawake na watoto peke yao, wanaume wakazuiwa. Kutaja njia yako mbele yao ilikuwa hatari, maana aliyetaja njia aliitwa mpelelezi, na mpelelezi harudi nyumbani. Mtumbwi ukaanza kusogea, na wazazi wangu hawajapatana watakutana wapi.

Mama akapaza sauti:

«Kitendawili!»

Baba, badala ya kulia kama mume wa watu, akaitika: «Tega!»

«Kuku wangu anataga barabarani, mayai yake yanalala darini, vifaranga vyake vinanidai chumvi!»

Askari wakacheka. Mmoja wao akaanza kufikiri. Baba naye akafikiri, na mtumbwi ukazidi kwenda.

«Umeshindwa!» Mama akapiga kelele kutoka katikati ya maji. «Nipe muji!»

Baba akanuna. Mbele ya bunduki, mkewe na mwanawe wanaondoka, yeye akanuna.

«Haya, chukua Kailo!»

Alilisema kwa hasira na akalisahau palepale. Kilichobaki kichwani ni yule kuku. Baba akaona wazi kwamba Mama amemwachia njia ndani ya kitendawili, na kwamba akikitegua atajua familia yake iko wapi.

Alipopata nafasi ya kutoroka na kuvuka, akaanza kutembea huku akitegua. Karatasi hakuwa nayo, na wa kumuuliza hakuwepo. Barabara, alisema, ni njia ya kaskazini. Dari ni msitu, kwa kuwa unafunika juu. Chumvi ndiyo iliyommaliza kabisa: ya dukani ilikuwa imepotea, na alikuwa amesikia kwamba huko Obokote watu wanachoma majani na kupika chumvi kwa majivu yake. Basi jibu ni Obokote. Akashika vijia vya msituni, akaiacha Kailo kando, karibu kiasi cha kusikia majogoo wake wakiwika. Anakumbuka majogoo hao vizuri sana na huwasimulia bila kuulizwa.

Obokote Mama hakuwepo. Baba akasema atafika tu. Akalima shamba la mwanamke mmoja mpika chumvi, Mama Fifi, na kila jioni akawatega watu kitendawili kile ili waone kazi aliyoifanya. Mvua zikaja, zikaisha, zikarudi. Mwishowe Mama Fifi akachoka.

«Kalume, na siku ile kwenye mayi, ulimujibu nini?»

«Sikujibu. Nilishindwa.»

«Ukatoa muji?»

«Nikatoa.»

«Muji gani?»

«Kailo.»

Mama Fifi akaacha kukoroga chungu chake.

«Basi bibi yako iko Kailo. Wewe mwenyewe njo ulimutuma kule.»

Baba hakuaga hata mtu. Alimkuta Mama Kailo, nyuma ya nyumba ya watu waliompa hifadhi, akipalilia karanga. Alikuwa peke yake. Dieumerci alikuwa ameshikwa na surua, wakamzika. Mama akampeleka Baba akapaone. Baba akakaa chini pale kwenye udongo, akasema yeye ndiye aliyemuua mtoto.

«Hapana,» Mama akamwambia. «Ulitegua muzuri. Jibu lilikuwa Obokote. Nilikuwa nakuja, mutoto akagonjwa njiani, nikabakia hapa.»

Baba akaamini, na tangu hapo hatupumui. Mimi nimezaliwa baada ya vita, na nimekisikia kisa cha kuku na chumvi kabla ya kujua kutembea. Mteja analeta baiskeli izibwe pancha, anaondoka na pancha imezibwa na kichwa kinauma. Akimaliza, Baba humwangalia mteja usoni na kungoja asifiwe.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, na Baba alikuwa nje anamweleza dereva wa pikipiki maana ya dari. Nikamwambia Mama kwamba yale mayai ya darini hayaingii akilini, hata jibu likiwa Obokote.

«Hayaingii,» Mama akasema. «Ile haina jibu.»

«Vipi haina jibu?»

«Nilitunga palepale. Baba yako anajua vitendawili vyote. Ningemupa chenye jibu, angejibu, na muji asingetoa. Mimi nilitaka muji tu.»

«Na Obokote?»

«Obokote sijakanyaga hata siku moya.»

Nilikasirika. Kumbe alikaa Kailo akimngoja, mtoto anaungua homa mikononi, na mwanaume aliyempeleka huko yuko mbali anakusanya majivu. Na sasa anajisifu! Nikamwambia nakwenda kumweleza Baba ukweli, sasa hivi, mbele ya dereva wake.

Mama hakunishika. Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akasimamisha mchi.

«Espérance, siku ile alikaa pale kwenye kaburi, akakatala chakula, akakatala mayi, akasema iko anamufuata mutoto. Na mimi, nilikuwa nimebakia na yeye tu.»