Kalamu ya Mwiko wa Loy

Hapa Busia upande wa Uganda, kando ya barabara ya malori, kila mtu anamjua Mangeni fundi mbao. Ama amelala kwenye kitanda chake, ama amemzika mtu kwenye jeneza lake. Mimi namjua kuliko hao wote. Nauza chai na chapati ukutani pa karakana yake. Asubuhi navuka mpaka kutoka kwetu upande wa Kenya na unga wangu na jiko langu, na miaka yote hii moshi wangu unaingia kwake na vumbi lake linaingia kwenye chapati zangu. Tumegombana juu ya hilo mpaka tukachoka. Kwa hiyo nikimsifu mtu huyu, mjue simrembi.

Ni mtu mkubwa, mikono yake ya kubebea magogo, na maneno yake ya kuhesabika. Aliyekuwa na maneno nyumbani kwake ni mkewe, Loy. Loy akileta chakula cha mchana, ugali wa muhogo na wimbi uliofunikwa kwa sahani, madereva walikuwa wakishuka kwenye malori ili wamsikie akinitania kwamba chapati zangu zinafaa kuzibia tairi. Nilimpenda yule mwanamke. Alipofariki, Mangeni alimtengenezea jeneza mwenyewe, akalipaka vanishi mwenyewe, akalibeba upande mmoja mpaka kaburini kwao Lunyo. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Loy. Hata mara moja. Nilikuwa nakasirika naye, nasema kweli, kwa sababu na mimi nilikuwa nimefiwa na rafiki, na sikuwa na mtu mwingine wa kumtaja naye.

Sasa, mwaka huu, binti yao Harriet alikuja kutoka Tororo. Anashona nguo kule, na alikuwa amepata mchumba, kijana anaitwa Olupot, na tarehe ya kanisa ilikuwa imeshatangazwa. Alishuka kwenye boda akiwa amekumbatia kitu ndani ya kitenge, akapita mezani kwangu akanisalimia vizuri, akaingia kwa baba yake. Nilimfuata na kikombe cha chai, kwa sababu nilitaka kuona.

Ndani ya kitenge mlikuwa na mwiko wa Loy. Bapa lake lilikuwa limepasuka katikati mpaka juu.

"Baba, mwiko ya Mama imekufa," Harriet alisema. "Nimepika nayo mpaka imechoka. Lakini mpini iko mzima. Nataka unitengenezee kalamu."

"Kalamu?"

"Kalamu ya mbao. Mteja mmoja alikuwa nayo, ona picha." Akamwonyesha kwenye simu. "Siku ya kanisa natia sahihi na hiyo. Mama hatakuwa pale, Baba. Wacha mkono yake ikuwe."

Mangeni aliuchukua ule mwiko. Yeye ndiye aliyeuchonga, kwa tawi la mpera wa nyumbani kwa wakwe zake, wiki ile alipomleta Loy nyumbani. Aliugeuza, akaugeuza tena.

"Kale," akasema, yaani sawa. Basi, hilo tu.

Binti alipoondoka nilimgeukia. "Fundi, umeahidi nini wewe? Kitu kidogo kabisa umewahi kutengeneza ni kigoda!"

"Najua, Mama Fidel."

"Na ukiiharibu?"

Akanionyesha mpini. Juu ulikuwa umeliwa na fukusi, chini ulikuwa umeungua kwa miaka ya kuegemezwa mafigani. Sehemu nzima iliyobaki katikati ilizidi kalamu kidogo tu. Hakukuwa na kipande cha pili, na hakukuwa na kitu kingine cha Loy katika nyumba ile ambacho mkono wake ulikishika kila siku. Akikosea, basi. Aliutundika mpini kwenye msumari, mbali na zana, akaanza kujifunza kwa vipande vingine.

Mashine yake ya kukereza ameiunda mwenyewe kwa mota kuukuu. Mbao inabanwa kati ya ncha mbili, inazungushwa kwa kasi, naye anaigusa kwa patasi mpaka inakuwa duara. Miguu ya vitanda huikereza huku akipiga mluzi. Alibana kijiti cha mfenesi, akashika patasi ileile ya miguu ya vitanda, akagusa. Kililia mara moja, kikapasuka, na kipande kikaruka mlangoni kikatua ndani ya sufuria yangu ya chai. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kiluo. Yeye aliokota vibanzi, akaviangalia kwa heshima, utadhani vimemwambia jambo.

Ikawa hivyo siku nyingi. Mkono uliozoea kusukuma ulibidi ujifunze kukaa tu na kusubiri. Alinoa faili kuukuu akazifanya patasi nyembamba. Kuhusu tundu la kupitisha mrija wa wino wa biki, hilo ndilo lilimtesa kabisa: drili ilikuwa inaanza katikati vizuri, halafu ndani ya mbao inajiendea inakotaka na kutokea ubavuni. Kuna kimoja ambacho tundu lilikwenda upande bila kutoboka nje. Alikikereza hivyohivyo kwa ubishi. Kwa kuwa ncha za mashine zilishika tundu lisilo katikati, kilizunguka kombo, na patasi ilikula upande mmoja tu, ule uliojitokeza. Upande wa pili ukabaki na alama za msumeno kama ulivyotoka kwenye ubao. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Huyu kinyozi wake ameitwa katikati ya kazi!" nikasema, nikakiweka dirishani ili wateja wangu wakione.

Halafu siku moja ikatokea. Sikutazamia, nilikuwa nasukuma chapati. Sauti ya mashine ilibadilika, ikawa nyororo, nikainua macho nikaona maganda ya mbao yakimwagika kwenye patasi, membamba, marefu, ya manjano, yanamfunika mkono mpaka kiwikoni. Alizima mota. Palepale palipokuwa na kijiti cha kuwashia moto palikuwa na kalamu. Mbao ya mfenesi naijua, nimekalia benchi yake miaka mingi, na sikujua kwamba ndani yake kuna rangi ile, na mistari ile inayotembea ukiigeuza kwenye mwanga. Chapati iliungua na sikuijali, na anayenijua anaelewa hilo lina maana gani.

Mangeni aliisugua kwa msasa, akaipaka vanishi kutoka kwenye kopo analotumia kila siku, akaianika. Jumamosi Harriet akaja kuona. Aliishika, akacheka kwa furaha, akaisogeza karibu na uso aone mistari. Kisha uso wake ukabadilika.

"Baba. Hii harufu."

Aliiweka juu ya meza ya kazi taratibu, akatoka nje, akaja kukaa kwenye benchi langu ameziba pua kwa kiganja. Niliingia nikaiinamia ile kalamu nikanusa, nikaelewa. Ni harufu ambayo kila mtu wa barabara hii anaijua. Mwenye msiba akija kuchukua jeneza, vanishi haijakauka vizuri, harufu inamfuata mpaka nyumbani na kukaa sebuleni usiku wote wa matanga. Loy alilala ndani ya harufu ile. Fundi wa watu, kila siku iko puani kwake, hakuisikia tena.

"Kama itanuka hivi, Baba, wacha tu," Harriet alisema bila kugeuka. "Nitatumia biki ya kanisa."

Mangeni alisimama mlangoni na lile kopo mkononi. Nilimhurumia hata nikatamani kumpiga, aseme kitu. Akarudi ndani.

Asubuhi iliyofuata kopo lilikuwa limehamishwa nyuma ya nyumba, na Mangeni alikuwa kwenye jiko langu bila ruhusa, anayeyusha nta ya nyuki ndani ya sufuria yangu ndogo. Alikuwa ameinunua sokoni kwa Ariokot, mama anayeuza asali. Alisugua nta kwenye kalamu za majaribio, akazileta puani kwangu moja baada ya nyingine, na nilipomwambia kwamba zinanuka asali kidogo na mbao, basi, aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kwenye msumari akatoa mpini wa mpera.

Aliubana kwenye mashine, akawasha mota. Patasi ikasogea, ikasogea, ikabaki unene wa ukucha tu iguse mbao. Akazima.

"Mama Fidel. Kuja uone kitu."

Nilikwenda nikijipangusa unga. Aliuzungusha mpini polepole kwa mkono, akausimamisha. Upande mmoja ulikuwa mweusi, laini, unang'aa bila kupakwa kitu, na pale katikati palikuwa na kibonde kidogo. Nilitia kidole gumba changu na hakikukaa sawa. Kilikuwa kibonde cha gumba la mtu mwingine.

"Alikuwa anashika hapa," Mangeni alisema. "Anasonga, anasema, anasonga. Miaka yote. Sasa mimi nikikereza, naitoa. Hii ndio natoa kwanza."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anazungumza juu ya mkewe, ingawa jina bado lilimkaa kooni. Nililia bila aibu. Harriet ameomba mkono wa mama yake, na kazi nzima ya kukereza ni kuuondoa ule mkono, ngozi ya kwanza kabisa, kabla hata mbao haijawa duara. Na ukiacha bila kukereza, ni gongo la mpini, si kalamu ya kushika mtu.

Mteja aliniita kutoka nje mara mbili. Halafu nikaona macho ya Mangeni yamekwenda dirishani, kwenye ile kalamu niliyoicheka, iliyonyolewa nusu. Akaenda akaichukua. Akapitisha kidole kwenye ule upande wenye alama za msumeno, upande ambao patasi haikuufikia, kwa sababu tu tundu lilikuwa limekwenda kombo.

"Bambi," akasema polepole, yaani maskini. "Kumbe iliniambia."

Kuanzia hapo akafanya kitu ambacho sijawahi kuona fundi akifanya: alifanya mazoezi ya kukosea. Alitoboa matawi ya mpera, tundu kwa makusudi karibu na upande mmoja, karibu kabisa, mpaka ukuta wa mbao upande huo unabaki mwembamba. Mengi yalipasuka. Alirudia mpaka drili ikamtii.

Siku ya kutoboa mpini wenyewe nilizima jiko. Mimi, ninayekula kwa jiko hilo, nililizima asubuhi na malori yamejipanga, nikaingia nikakaa kwenye kigoda. Drili ilipoanza kuingia, harufu ikatoka. Moshi wa kuni. Samaki wa kukaushwa. Unga wa wimbi umegusa chungu cha moto. Karakana yote, iliyojaa vumbi la mbao, ilianza kunuka jikoni kwa Loy saa ya mchana. Nilitazama mlango, Mungu anisamehe, nikamtafuta na ile sahani yake. Mangeni naye aliinua kichwa mara moja, akavuta pumzi ndefu, akaendelea.

Kisha akakereza. Kwa kuwa mbao ilizunguka kombo, ilionekana kama ina kivuli kinachoizunguka, na ndani ya kivuli hicho mpera ulikuwa unatoka mweupe, mwororo, huku upande mmoja mstari mweusi ukipita, unarudi, unapita, hakuna kinachougusa. Nilikuwa nimeshika mikono yangu miwili kifuani. Nimeishi na mashine ile miaka mingi nikiilaani, na siku hiyo niliiogopa vizuri, namna mtu anavyoogopa akiwa kanisani. Akaisugua nta sehemu nyeupe tu. Upande mweusi hakuupaka kitu.

Tororo tulikwenda wote. Nilivaa gauni ambalo Harriet mwenyewe alinishonea, nikakaa safu ya mbele. Misa ikaisha, maharusi wakaitwa mezani kutia sahihi, na padri akanyoosha mkono kumpa Harriet biki. Mangeni akatoka kwenye kiti chake mbele ya watu wote, na suti yake inambana mabega, akafungua leso.

Harriet aliichukua ile kalamu kwa woga. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuipeleka puani. Akafunga macho. Akakaa hivyo, na Olupot akamshika kiwiko. Kisha akaiweka vidoleni aandike, ikawa haijakaa vizuri, akaigeuza kidogo bila kuiangalia, akaigeuza tena, mpaka gumba lake likateleza likaingia mahali pake na kutulia. Liliingia lote. Gumba lake ni la mama yake, sikuwahi kuliangalia.

Akamtazama baba yake. "Baba, hapa umechonga namna gani?"

"Hapo mimi sijagusa," Mangeni akasema, na sauti yake ilifika mpaka nyuma ya kanisa. "Hapo ni Loy."

Padri alisubiri. Harriet alijifuta macho kwa mkono wa kushoto, akainama, akaandika jina lake.