Sahani ya Oswin

Vita ile ilitufikia kisiwani kwetu Carriacou vipande vipande. Kwanza zilikuja mbao, halafu marobota ya mpira mbichi, halafu madebe ya mafuta ya kupikia yaliyobonyea, na siku moja sanduku zima la viatu vya mguu wa kushoto, ambavyo mpaka leo hakuna aliyetuambia wenzake wa kulia walizama na meli gani. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa huko nje, mashariki ya Barbados na Trinidad, zikipiga meli za mizigo kila siku ya Mungu, na upepo na mkondo vikatuletea sisi makombo. Tuliokota. Anayetaka kutulaumu atulaumu, lakini unga ulikuwa haupatikani na nusu ya mapaa ya kijiji yalikuwa yanavuja.

Ezelda Quashie alikuwa hodari wa kuokota kuliko wote, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha. Nyumba yake ilikuwa Grand Bay, upande unaopigwa na upepo, na kutoka mlangoni aliona bahari yote mpaka inapokutana na mbingu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo, anayeweza kukutania mpaka ukasahau ulichokuja kuazima. Mumewe alikwenda Maracaibo kwenye visima vya mafuta mtoto wao akiwa bado ananyonya, akaoa huko huko, na watu walipomuuliza habari zake Ezelda alikuwa akijibu kwamba yule bwana aliteleza kwenye mafuta akaangukia kwa mwanamke mwingine. Mtoto alimlea mwenyewe, kwa mahindi na mbaazi za shamba lake la mlimani. Jina lake Oswin. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mpenda kula, mchekaji, na mama yake hakuwa na mtu mwingine wa kumwita wake.

Oswin alianza ubaharia kwenye skuna, jahazi la matanga, ya mjomba wake Cuthbert, mdogo wake Ezelda, wakibeba chumvi na mbuzi kati ya visiwa. Lakini ujana una kiburi chake. Alipofika Port of Spain akaona meli kubwa za Waingereza zinatafuta watu wa kuchochea moto wa matanuri, maana waliotangulia walikuwa wamekwisha zama na meli zao, akaandikishwa. Siku habari hiyo ilipofika, Ezelda aliacha kwenda pwani. Alisema hawezi tena kuinama kuokota ubao bila kujiuliza nani alikuwa amesimama juu yake.

Basi meli ya Oswin ikapigwa. Polisi alipanda kutoka mjini Hillsborough kumpa habari, amevua kofia tangu kwenye mti wa mkwaju, na waliomwona walianza kulia kabla hajafungua mdomo. Ila habari yenyewe ilikuwa na tundu dogo la kupitisha matumaini. Mashua moja ya kuokolea ilikuwa imefika Barbados na watu, na watu hao walisema kulikuwa na mashua ya pili, na kijana mkubwa wa Carriacou alikuwa ndani yake, mzima, akipiga kasia. Usiku upepo uliwatenganisha. Hawakuiona tena.

Cuthbert hakusubiri kuambiwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mipana, na bahari ile aliijua tangu utotoni. Alipiga hesabu zake za mkondo akasema mashua ile itakuwa inakuja huku huku kwetu, na akitoka kuikabili ataikuta. Akaanza kupakia maji na mashelisheli kwenye skuna. Mabaharia wake walimsaidia kupakia, lakini walipakia polepole. Kila mmoja alijua kwamba nyambizi zilikuwa zimeanza kuibuka mchana kweupe na kupiga mizinga hata skuna za mbao. Wenzetu wa kisiwa cha jirani walikwenda hivyo hivyo, na kilichorudi ni kipande cha tanga.

Ezelda alikuwa roho juu. Alikaanga samaki wa safari, akashona tanga lililochanika, akawatania wale mabaharia kwamba wanabeba mapipa kama wajawazito. Kwa mara ya kwanza tangu polisi aje, alicheka. Skuna ilikuwa iondoke asubuhi ya pili yake.

Asubuhi hiyo alikuja pwani hana kitambaa kichwani. Cuthbert alipomwona tu aliacha kamba aliyoshika.

"Amenijia," Ezelda alisema. "Amesimama mlangoni, midomo imepasuka. Ameniambia, mama, nina njaa."

Hakuna mtu wa Carriacou anayehitaji kufafanuliwa ndoto ya namna hiyo. Wafu wetu hutujia usingizini, na wanapotujia hutaka chakula. Tangu mababu waliotolewa Guinea ndivyo ilivyokuwa. Aliye hai ukimwota atakugombeza, atakucheka, atakuomba umkopeshe jembe. Anayesimama mlangoni akakuomba chakula amekwisha ondoka duniani, na kazi yako ni kumpikia.

Hata hivyo walimwita Tanti Moselle, bibi kizee aliyekuwa akisikiliza ndoto za kijiji kizima, ili asiwepo wa kusema jambo lilifanywa haraka. Tanti alimsikiliza Ezelda mpaka mwisho, akauliza kama kijana alikuwa amelowa. Amelowa. Akauliza kama alivuka kizingiti. Hakuvuka. Tanti akamshika Ezelda mkono akasema mwanao ni wa bahari sasa, mpikie, usimwache na njaa huko aliko.

Cuthbert peke yake ndiye aliyekataa. "Mimi nakwenda," alisema. "Nikimkuta amekufa nitamleta amekufa."

"Na wewe ukipigwa? Na watoto wa watu hawa?" Ezelda aliwaonyesha wale mabaharia. "Aliye hai haombi chakula, Cuthbert. Unajua. Shusha hayo mapipa."

"Dada, ndoto ni ndoto."

"Ulipomwota baba ulisema hivyo? Mbuzi ulichinja wewe mwenyewe. Nimekwisha poteza mmoja. Nikupoteze na wewe kwa kumtafuta maiti?"

Niseme lisilopendwa kusemwa Grand Bay: ndoto ile ilitufaa wengi. Mabaharia walishusha mapipa yale upesi kuliko walivyoyapakia. Wake zao walimkumbatia Ezelda wakilia, na kilio kile nusu yake kilikuwa cha shukrani. Hakuna aliyesema uongo. Kila mtu aliiamini ndoto kwa moyo wote, kwa kuwa ilimwambia alichotaka kusikia. Cuthbert alikaa juu ya pipa mpaka jua lilipopanda sana, akitazama mashariki, halafu na yeye akaenda nyumbani.

Ezelda alipika kama desturi inavyotaka. Ugali wa mahindi, mbaazi, kuku, na samaki, vyote bila chembe ya chumvi, kwa sababu chumvi wafu hawaitaki. Alitandika kitambaa cheupe chumbani, akaweka sahani, glasi ya maji na glasi ya ramu, akamwaga kidogo kizingitini, akamwita mwanawe kwa jina lake lote, kisha akafunga mlango. Nje watu waliimba. Aliyepikiwa alipohesabiwa kuwa ameshiba, mlango ulifunguliwa, na watoto na wageni wakala kilichobaki, maana hicho nacho ni sehemu ya heshima. Ezelda alikula tonge moja. Alisema kifua kimemlegea kidogo.

Lakini Oswin alirudi. Aliyekwisha lishwa hapaswi kurudi, na yeye alirudi kila mama yake alipofumba macho, amekonda kuliko jana, na ombi lake ni lile lile. Ezelda alikwenda kwa Tanti Moselle akiwa amevimba macho. Tanti alifikiri sana, akasema pengine chakula kilikuwa kidogo. Kijana mwenyewe alikuwa mlaji. Basi Ezelda akachinja mbuzi wake wa maziwa, akapika mara ya pili, akajaza sahani mpaka mbaazi zikamwagika juu ya kitambaa. Watu walikuja tena, wakaimba tena, wakala tena. Nyama ilikuwa laini. Mwaka ule wa njaa tuliikumbuka nyama ile siku nyingi.

Oswin akarudi tena, safari hii hawezi kusimama, amekaa chini mlangoni. Halafu, usiku wa kuamkia Jumapili, hakuja. Ezelda alilala mpaka jogoo walipochoka kuwika. Kanisani aliwaambia wanawake wenzake, nao wakampongeza, wakasema mtoto ameshiba, mtoto amepumzika. Tanti Moselle alimbusu mbele ya watu wote. Siku hiyo Ezelda alifunga tena kitambaa chake kichwani.

Kesho yake wavuvi wa kombe waliikuta mashua ya kuokolea imenasa kwenye mwamba, mbele kabisa ya Grand Bay. Ndani yake walikuwemo wanaume, mmoja anapumua. Ezelda alisikia kelele akiwa shambani, akateremka mlima anakimbia, jembe bado mkononi. Walijaribu kumzuia asiingie majini, wakashindwa, maana alikuwa na nguvu ambazo si zake. Oswin alikuwa amelala karibu na usukani. Alikuwa amekwisha mno, mifupa na ngozi tu, kijana ambaye mlango ulikuwa ukimbana mabega. Lakini uso ulikuwa uso wake, haujaharibika. Na jua letu la mwezi ule mnalijua linavyoufanya mwili. Wavuvi walitazamana, kila mmoja akielewa kwamba kifo kile hakikuwa cha siku nyingi. Ezelda aliushika uso ule, anaugeuza huku na huku.

Aliyekuwa hai alikuwa Mbajani, mtu wa Barbados, kwa jina Gittens. Walimpeleka hospitali ya Hillsborough, na alipoweza kunena, Ezelda alikwenda kumwona kwa miguu, Cuthbert akimfuata nyuma. Mwuguzi aliwapa muda mfupi. Gittens alipoambiwa huyu ni mama yake Oswin, alitabasamu kwa ile midomo yake iliyochanika, na laiti angejua tabasamu lile lilivyomchoma mama huyo.

Alieleza kwamba biskuti ziliisha mapema, wakawa wanaishi kwa maji ya mvua na samaki mmoja mmoja anayerukia ndani. Oswin ndiye aliyewatia moyo. Jua likishuka aliwaambia kila mtu ataje chakula anachotaka mama yake ampikie, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho na wa kuchekesha zaidi.

"Alikuwa anakuita kabisa, mama," Gittens alisema. "Anageukia huku magharibi, anasema, mama, nina njaa, nipikie. Alituambia kwenu mama akiombwa chakula anasikia, hata awe mbali. Akasema akisikia tu atamtuma mjomba mwenye skuna."

Ezelda aliuliza Oswin alinyamaza lini. Gittens alifunga macho akajaribu kukumbuka, akasema siku zilikuwa zimemchanganyikia, ila alfajiri moja walisikia kengele za kanisa kwa mbali, upepo ulikuwa umelegea, na Oswin alikuwa amefariki usiku ule ule. Walikuwa wameshaanza kuiona milima.

Walitoka nje. Njia ya kurudi Grand Bay inapanda sana, na walikwenda mpaka mahali ambapo bahari ya mashariki inaonekana yote. Hapo Ezelda alisimama.

"Ungemkuta?"

Cuthbert angeweza kumdanganya. Mtu mwingine angesema mawimbi yalikuwa makubwa, nyambizi zilikuwa nyingi, Mungu ndiye ajuaye. Lakini juu ya bahari yeye hakuwahi kusema lisilo kweli, na hakujua kuanza siku ile. Alitazama maji, akapiga tena hesabu zake za mkondo.

"Ningemkuta, dada. Mzima."

Ezelda aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokwisha kuisikia kwa wengine. Alitembea mbele, na Cuthbert alipotaka kumshika mkono penye mawe aliuondoa.

Nyumbani walikuta uwanja umejaa. Wanawake walikuwa wamekwisha washa moto, na kuku walikuwa wamefungwa miguu, kwa sababu sasa mwili ulikuwepo na mambo yangefanywa sawasawa, kwa ukamilifu, kama anavyostahili mwana wa watu. Tanti Moselle alikuja na kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi. Hakuwa mwanamke mbaya. Aliuliza kwa sauti ya chini wamwandalie nini Oswin.

Ezelda alitutazama sote tuliokuwa pale uwanjani, mmoja baada ya mwingine, watu wazima kwa watoto. Hakupaza sauti.

"Nilimpikia alipokuwa hai," alisema. "Mkala ninyi, na mimi nikala."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Tulibaki tumesimama mpaka moto ukazimika wenyewe, halafu tukawafungua wale kuku, tukaenda zetu.